Matone ya aleji ya macho kwa mtoto wa miaka 8, niendelee nayo au niache?

Mama Mapacha
Kamwene wakuu, naombeni ushauri wenu. Niko Mafinga, kijana wangu mkubwa ana miaka 8, kila kiangazi vumbi likianza macho yanamuwasha vibaya mno, anayafikicha kwa vifundo vya vidole mpaka usingizini, asubuhi namtoa tongotongo jeupe linavutika kama uzi. Mwaka jana duka la dawa walinipa kichupa cha matone wakasema ni ya aleji, siku mbili tu mtoto akatulia kabisa, basi tangu hapo yakianza kuwasha naenda kuchukua kingine, nadhani hiki ni cha 5. Hiki nilikifungua Juni na bado kina dawa nusu. Nina wasiwasi, je ni salama?

Mnyalukolo
Pole dada. Sisi wa kwetu bibi alikuwa anamuosha na chai ya rangi iliyopoa, jaribu.

Mfamasia Uyole
Mnyalukolo samahani kaka, hapo hapana, chai si safi kwa jicho, inaweza kuingiza wadudu ukaongeza tatizo. Kinachosaidia nyumbani ni kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi, anafumba macho anakiweka juu dakika kadhaa, na kunawa uso akitoka kucheza.

Mama Mapacha, kabla ya yote nenda kasome jina la dawa, yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Matone ya aleji yenyewe ni kama olopatadini au ketotifeni, hayo kwa mtoto wa umri wake kawaida ni tone 1 kila jicho mara 2 kwa siku na mkiyatumia vizuri hayana shida kubwa, yakiingia yanaweza kuchoma kidogo halafu inaisha. Kuna na kromoglaiketi, hiyo ni mara 4 kwa siku na inataka uvumilivu, inaweza kuchukua wiki kadhaa ndo uone kazi yake, wengi wanaitupa siku ya 3 wakidhani feki. Lakini ukiona neno linaloanza na dexa, predni au betameth, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho. Ndo inayotuliza haraka hivyo ulivyosema. Ikitumika muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na presha ya macho haiumi, mtoto hatakwambia kitu huku mshipa wa kuonea unakufa taratibu.

Na hicho cha Juni tupa leo, hata kama kimejaa. Kichupa kikishafunguliwa vingi mwisho ni siku 28. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu pale pale kwenye kichupa.

Fundi Cherehani Mwanjelwa
Naongezea namna ya kuweka maana mimi niliharibu vichupa vingi. Nawa mikono, mtoto alale chali, vuta kope ya chini iwe kama kamfuko, dondosha tone moja humo, ncha isiguse kope wala jicho. Akifumba mbonyeze taratibu kona ya jicho upande wa pua kama dakika 1, dawa isikimbilie kooni. Matone mawili hayasaidii zaidi, linalozidi linamwagika shavuni. Kama ana dawa nyingine ya macho subiri dakika 5 au 10 katikati. Mkubwa anayevaa lenzi azitoe kwanza, azirudishe baada ya dakika 15.

Mama Mapacha
Nimetoka kabatini sasa hivi. Kichupa kimeandikwa dexamethasone, na jina la pili neomycin. Mikono inatetemeka. Niiache leo leo?

Mfamasia Uyole
Usijilaumu mama, uliambiwa ni ya aleji. Dexamethasone ndo ile steroidi, neomycin ni antibiotiki, ya kuua bakteria. Hicho cha Juni usikitumie tena na usinunue kingine, ila usikae nyumbani kusubiri, kesho mpeleke kwa daktari wa macho, kama Mafinga hayupo shukeni Iringa mjini au njooni Rufaa Mbeya. Beba kichupa, mwambie umetumia vingapi na tangu lini, omba apimwe presha ya macho. Mwambie na habari ya kufikicha, maana kufikicha kwa miaka kunaweza kupinda kioo cha jicho. Akianza kuumwa, kuogopa mwanga, kuona ukungu au kutoa usaha, hata iwe usiku usingoje.

Mama Mapacha
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeongea na baba yao, tunapanda basi la saa 12 asubuhi. Kichupa nimeshakiweka kwenye pochi.