Mgonjwa mtu mzima hana kadi ya chanjo, nimwandikie nini?

Sista_Umoja: Wadau, habari za jioni. Niko zahanati ndogo hapa Umoja. Bosi ameleta fomu, kila mtu mzima akaguliwe kama chanjo zake ziko sawa: pepopunda, homa ya ini aina ya B na nyinginezo. Hakuna anayekuja na kadi. Ukimuuliza mzee wa miaka 50 alichanjwa lini, anakunja shati akuonyeshe kovu. Mngeandika nini? Naomba jibu leo.

MamaKababa: Kovu la mkono wa kushoto ni la chanjo ya kifua kikuu, ya utotoni. Pepopunda haimo. Kina mama waulize kitabu cha kliniki, sindano za ujauzito huandikwa humo. Wanaume ndio shida, hawaweki hata risiti.

Konda_Mstaafu: Mimi mpakani niliambiwa kadi yangu ya homa ya manjano imeisha, nikatoa kitu kidogo. Kumbe tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha! Chai ya watu imenywewa bure.

Kijana_Githurai: Dada, fomu haikimbii. "Leo" ya nini?

Sista_Umoja: Sawa. Nilishaandika. Foleni ilifika mlangoni, nikatia "amekamilisha" kwa wote wa wiki hiyo. Wenzangu pia hufanya hivyo. Sasa mmoja, fundi wa mjengo, alirudi na msumari umetoboa raba hadi kisiginoni. Wa zamu akasoma alama yangu, akamwosha kidonda, akampa tembe za maumivu, basi. Lakini kilikuwa kidogo, na fundi anakumbuka kudungwa shuleni.

Afisa_Kliniki: Shuleni mwaka gani? Pepopunda huongezewa kila miaka 10, na kwa kidonda kichafu, ikipita 5 anadungwa tena. Asiye na rekodi huhesabiwa hajachanjwa: anaanza dozi 3, na kwa msumari kama huo anapewa kingamwili pia, yaani sindano ya kinga iliyo tayari. Dalili hukawia hata wiki 3. Mpigie.

Sista_Umoja: Nikimpigia, bosi atajua. Nilitaka nirekebishe faili kwanza.

MamaKababa: Faili halishikwi na pepopunda, mwanangu. Mtu ndiye hukaza taya.

Mpekuzi254: Ngojeni kidogo. Huyu mwezi wa 3 alikuwa akiuza mitumba Gikomba na mume amemtoroka. Hadithi, hadithi!

Konda_Mstaafu: Hadithi njoo! 😂 Nilijua, raba na msumari zimepangana sana.

Sista_Umoja: Akaunti tunatumia na dada yangu. Mume ni wake.

Mpekuzi254: Na mitumba ni ya nani?

Afisa_Kliniki: Ya kweli au ya kutunga, ni siku ngapi tangu akanyage?

Sista_Umoja: 6. Nimepiga mara mbili, inaita tu. Kesho alfajiri napitia mjengo wao.

Kijana_Githurai: Mjengo upi? Nauliza kwa sababu kisigino changu kimefungwa bandeji na simu nimeisahau kwa shemeji.