Chumba cha kontena kina baridi sana usiku, naombeni ushauri

Kayenze_Ufukweni
Wakuu, habari za humu. Tunaishi kwenye kontena la futi 20 huku Kayenze, Mwanza, jirani na ziwa. Mchana hakukaliki kwa joto, ila tangu Juni iingie, kuanzia saa nane usiku baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Maji yanadondoka toka juu hadi kwenye godoro, asubuhi tunaamka vichwa vizito. Nimeshanunua nailoni na foamu ya kupuliza, nataka kuziba matundu yote ya hewa. Kuna njia nyingine ya bei nafuu?

Tofali_Kwanza
Kontena ni la mzigo, mkuu. Hiyo hela ungeanzia msingi wa chumba kimoja. Baba wa familia anapanga kwanza makazi, mengine yanafuata.

FundiMabati
Kwanza usizibe. Watu wawili wakilala usiku kucha, pumzi na jasho lao ni zaidi ya nusu lita ya maji. Yakikosa pa kutokea yanageuka matone kwenye chuma cha baridi, ndiyo hayo yanayokudondokea. Godoro likilowa, hakuna blanketi litakalokusaidia. Acha tundu moja chini na jingine juu upande wa pili, yawe na wavu wa mbu.
Kisha anza na paa. Piga mbao za 2 kwa 2 kila sentimita 60, katikati jaza foamu ngumu nyeupe kama ya maboksi ya samaki, unene wa milimita 50, ibane bila mianya. Kwa upande wa chumbani ifunike na bodi ya jipsamu. Usiiache wazi, ikishika moto moshi wake ni sumu. Kitanda kiinue kwa paleti na kiache sentimita 10 toka ukutani. Chini ya godoro tandika mkeka na blanketi zito, maana baridi nyingi inatokea chini.

NesiWaZamu
Kaka, mimi hivyo vichwa vizito ndivyo vinanisumbua. Mnalala wangapi, na mnapasha chumba joto kwa kitu gani?

Kayenze_Ufukweni
Kwa mablanketi tu.

NesiWaZamu
Na kingine?

Kayenze_Ufukweni
Tupo mimi, mama watoto na mtoto wa miezi minne. Kwa ajili ya mtoto huwa tunaingiza jiko dogo la mkaa. Lakini linaingia likiwa limeshaiva, jekundu kabisa, halina moshi hata chembe. Na dirisha naacha wazi vidole viwili. Huku wengi wanafanya hivyo.

Mkolani_Juu
Hii chai. Mwanza ipi hiyo yenye baridi ya kuingiza jiko ndani? Mtu wa Makete, kwenye baridi kweli, akisoma hapa itakuwaje? Na huyo mtoto mbona hakuwepo mwanzo wa uzi? Stori inaongezwa nyama kila tukiuliza.

FundiMabati
Mkolani, baridi hiyo ipo. Kiangazi hiki usiku anga halina mawingu, bati linatupa joto lake lote juu hadi linakuwa la baridi kuliko hewa yenyewe. Angalia umande kwenye paa la gari alfajiri. Sasa huyu amelala ndani ya bati pande zote sita.

NesiWaZamu
Iwe chai isiwe chai, kuna mtu anasoma hapa na jiko lipo chumbani. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Inaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu. Aliyelala anaweza kufa bila kushtuka. Mtoto anapumua haraka kuliko wewe, anaathirika mapema. Kufunika mkaa kwa majivu hakuzuii gesi. Vidole viwili vya dirisha havitoshi, na hiyo nailoni yako ingewamaliza kabisa.

Kayenze_Ufukweni
Lakini tukishatoka nje, kufika saa nne kichwa kinaisha chenyewe. Ndiyo maana nikasema ni baridi.

NesiWaZamu
Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Kichwa cha baridi hakiponi kwa kutoka nje kwenye baridi. Toa jiko sasa hivi, fungua mlango, beba mtoto. Nendeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando mkapimwe, na mseme wazi mlilala na jiko. Msiposema, kile kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri wakati damu imejaa gesi.

Kayenze_Ufukweni
Jiko lipo nje, tunatafuta usafiri. Nikirudi nifunge hita ya umeme?

FundiMabati
Nenda kwanza. Hita ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa, na bila foamu joto lote linatoka kwenye bati. Ukiifunga, ichomeke ukutani kwa waya wa milimita 2.5, siyo kwenye ekstensheni nyembamba, itayeyuka. Kontena lenyewe lazima liwe na eathi (waya wa kupeleka umeme ardhini) na swichi ya miliampia 30 ya kukata umeme ukivuja, la sivyo waya mmoja ukichubuka ukuta mzima unakuwa na umeme.
Kwa usiku huu tumia chupa ya mpira ya maji ya moto, yasiwe ya kuchemka, uifunge kwa taulo. Kwa mtoto pasha kitanda kisha uitoe kabla hujamlaza. Mvalishe nguo mbili tatu, kofia hapana, na blanketi zito usimfunike.

Mkolani_Juu
Kaka, kama bado hamjapata gari niandikie pembeni, nipo Ilemela.