Umoja wa wasichana chuoni Mtwara: tuendelee na siku ya zawadi au tuishike shule moja?

BintiShangani: Salamu kutoka Mtwara. Sisi ni wasichana wa chuo kimoja hapa mjini ambao tulianzisha umoja wetu ili kufarijiana, kwa kuwa wengi tumetoka mbali na kwetu. Tunapika pamoja, tunachangiana mmoja wetu anapofiwa, na kila mwaka tunatenga sehemu ya michango kwa ajili ya kusaidia wengine. Hadi sasa msaada huo umekuwa ni kwenda kwenye kituo cha watoto siku moja, na sabuni na madaftari, kisha tunapiga picha na kurudi. Mwaka huu baadhi yetu tunapendekeza tuishike shule moja ya sekondari ya kata na kuwafundisha wanafunzi kushona taulo za kike za kufua. Wenzetu wanahofu kwamba kwa kufanya hivyo tutaugeuza umoja kuwa ofisi. Naomba mawazo yenu.

Mwalimu wa Nanyamba: Mwanangu, nimekuwa matroni wa shule ya kutwa kwa miaka mingi, na wazo lenu limenigusa. Taulo za dukani huisha kabla muhula haujafika nusu, na bei yake haijawahi kuwa rafiki kwa mzazi wa kijijini: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2018, lakini ikarejeshwa mwaka 2019 kwa maelezo kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Hata hivyo, kabla ya kununua cherehani, nendeni mkakague choo. Taulo ya kitambaa inahitaji maji, sabuni na jua, na msichana asiye na mlango wenye komeo wala mahali pa kuanika ataificha chini ya godoro ikiwa mbichi, jambo ambalo ni hatari kwa afya yake. Washirikisheni pia akina mama na makungwi, kwa sababu wengi wa wanafunzi wangu walikwisha kuchezwa unyago wakati wa likizo na kufundishwa matumizi ya kitambaa. Mkiingia kana kwamba hakuna aliyewahi kuwafunda, mlango utafungwa. Na msije wakati wa minada ya korosho, ambapo wazazi wengi wana fedha mkononi. Njooni Februari au Machi, fedha hizo zikiwa zimekwisha.

Mhitimu2015: Kuhusu hofu ya ofisi, nimesoma habari za Alpha Kappa Alpha, umoja wa wasichana weusi ulioanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington. Mwaka 1935 wanachama wake walikwenda jimbo la Mississippi kufungua kliniki kwa ajili ya familia maskini za mashambani, lakini wenye mashamba wakawazuia wafanyakazi wao kwenda huko. Dada hao waliyageuza magari yao kuwa kliniki za kutembea, wakawafuata watu mashambani na kuwachanja watoto, na walirudi kila majira ya joto hadi mwaka 1942. Udada wao haukufa; umoja huo upo hadi leo. Ninachokiona ni kwamba walirudi kwa watu walewale, na mpango ulipogoma waliubadilisha.

Mwekahazina wa Lindi: Ninaongeza jambo moja tu. Fedha za rambirambi na fedha za msaada zisikae katika mfuko mmoja, kwa maana siku ya msiba hakuna atakayekuwa na moyo wa kukataa. Picha za wanafunzi pia ziachwe kabisa; hakuna binti anayependa kujulikana mtaani kwa taulo aliyopewa.

BintiShangani: Shikamoo mwalimu, na ninawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu majibu yenu jioni hii, na tumekubaliana kwamba wiki ijayo watatu wetu waende kwa mkuu wa shule, wakaangalie choo na kisima, huku ununuzi wa cherehani ukisubiri. Chakula chetu cha Jumamosi kitaendelea kama kawaida. Je, mwalimu, kanga kuukuu zinafaa kushonea?

Mwalimu wa Nanyamba: Marahaba, mwanangu. Kanga ya pamba tupu inafaa kwa upande unaogusa mwili, iwapo imefuliwa vizuri na kukauka juani. Katikati wekeni flana, na chini kitambaa kisichopitisha maji. Vifungo vishonwe kwenye mabawa ili taulo isihame anapotembea, kwa kuwa wengine hutembea zaidi ya saa moja kufika shuleni.