Aliyekosa nyumba ni wa komini (serikali ya mtaa), au kila mtu na familia yake? (Goma, 2022)

MtotoWaBirere
Mwaka umepita tangu mlima Nyiragongo utapike moto usiku wa 22 Mei 2021, na watu bado wako kwenye foleni. Juzi nilienda ofisi moja ya serikali hapa mjini kutafuta karatasi ya mtoto. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, mtoto mgongoni. Karani hakuinua macho. Kadi ya uchaguzi? Iliungua. Hati ya parseli, ya kiwanja? Iliungua. Jeto ya sinistre, kadi ya walioathirika? Aliambiwa orodha imefungwa. "Sasa mimi nitajuaje kama ulikuwa na nyumba?" Mama akafungua ncha ya kitenge, akatoa ufunguo, akauweka juu ya daftari. Karani akausukuma na kalamu kama mende. "Anayefuata." Anayefuata ni mimi.
Katiba, kifungu cha 48, inasema makao ya heshima ni haki. Nani wa kuitimiza? Komini, au tuendelee kungoja shitingi, maturubai ya mashirika?

Fundi_Mabanzi
Ufunguo! Kaka, si uko hapo Birere? Pita kwa fundi wa funguo, kwa franka chache unatoka na funguo za nyumba tano. Mimi niko na kopo zima la funguo nyumbani. Nipewe basi kopo zima la maparseli.

MamaWaMajengo
Cheka tu, mwanangu. Usiku ule mimi nilitoka na sufuria ya maharagwe na ufunguo. Moto unashuka, mbingu nyekundu, na mimi nimesimama nafunga kofuli wezi wasiingie! Kwa hiyo habari ya fundi wa funguo usiniletee.

Fundi_Mabanzi
Pole mama, sikukusema wewe. Nasema wale waliojiandikisha sinistre na moto hawakuuona hata kwa dirisha. Nilimwona mtu wa Himbi, mtaa ambao moto haukufika, kwenye foleni ya shitingi, amepaki gari mbali kidogo.

Bint_Himbi
Himbi imeingiaje hapa? Usiku ule sebuleni kwetu walilala watu 14. Hatukuuliza kadi wala jeto. Asubuhi mmoja akaondoka na redio ya baba, na hatukuandika popote. Leo tunaitwa wezi wa shitingi.

Fundi_Mabanzi
Nimesema MTU wa Himbi. Mmoja.

Bint_Himbi
Litaje gari basi.

MbaliNaZiwa
Niko Manchester, mwaka wa 9. Msidhani huku halmashauri inakupokea na chai. Wakati wangu karani aliniuliza una uhusiano gani na mji huu, kisha akataka kujua kama nyumba niliiacha kwa kutaka kwangu. Mwanaume mzima asiye na mtoto, mwenye afya, anaweza kuambiwa yeye si wa kwanza, akalala nje. Lakini kuna sheria ya 2017, inafanya kazi tangu Aprili 2018: ukibakiza siku 56 utolewe kwenye nyumba, tayari wana wajibu wa kukusaidia. Na mwenye watoto, ikionekana tu hana pa kulala, wanamlaza kwanza mahali pa muda, uchunguzi unafuata nyuma. Huyo mama wa ufunguo angelala ndani usiku uleule, maswali ya parseli yangekuja kesho.

Chukudu7
Mkubwa wangu, wewe uko karibu na radiata unatufundisha sisi tunaolala juu ya makoro, mawe ya lava. Rudi kwanza, ndipo uongee.

MbaliNaZiwa
Nirudi nikalale wapi? Kwako?

Chukudu7
Kwetu tuko 11 vyumba viwili. Lakini karibu.

Shefu_Mstaafu
Vijana, mnapiga kelele na hamjui karani anakalia nini. Sheria ya Oktoba 2008 inaupa uhuru wa kujiendesha mji, komini, sekta na sheferi, eneo la chifu. Kartiye, mtaa ulio chini ya komini, haimo, haina bajeti yake. Mimi niliongoza kartiye miaka mingi, kalamu nilinunua mwenyewe. Shirika linakuja na hesabu yake tayari: andika kaya kiasi hiki, mwisho Ijumaa. Na wanaohitaji ni mara tatu ya hiyo. Jumatatu yule uliyemwacha ndiye anakuja na ufunguo. Utamfanyia nini?

MamaWaMajengo
Utamtazama usoni, mzee. Hiyo nayo inataka bajeti?

Chukudu7
Mzee na zile dola za "dosie", za kupokea faili, je? Nazo zilikuwa za kalamu?

Shefu_Mstaafu
Kijana, heshima. Mimi sikuchukua dola ya mtu.

Chukudu7
Sikukutaja. Umejitaja.

Mwanafunzi_ISP
Wote mnasahau kwamba tangu hali ya dharura ya Mei 2021 viti vya utawala vimekaliwa na askari na polisi. Utamshtaki karani kwa nani? Na 2002, lava ilipokata mji hadi ziwani, nani alilazwa na komini? Wazazi wetu walijenga upya juu ya makoro yakiwa bado ya moto.

Mukumu_Asili
Wengi wa hao mnaowaita watu wa Goma walijenga Buhene. Buhene si mji. Ni teritware (wilaya) ya Nyiragongo, sheferi ya Bukumu. Mnauza ardhi yetu kama kartiye ya mji, ikiungua mnaenda kulia mjini.

Fundi_Mabanzi
Ardhi aliwauzia nani kama si ninyi?

Mukumu_Asili
Walionunua walijua ni njia ya moto.

MamaWaMajengo
Njia ya moto! Mlima ulikutumia ramani wewe?

MtotoWaBirere
Jamani, niliuliza komini au familia. Hakuna aliyejibu.

Bint_Himbi
Mimi nilijibu. Watu 14 na redio.

Fundi_Mabanzi
Kaka, ule ufunguo ulikuwa wa kofuli ama wa serire, kitasa cha mlango?

MtotoWaBirere
Wa kofuli, mdogo, umefungwa uzi mwekundu.

MamaWaMajengo
Kitenge alikuwa amevaa gani?

MtotoWaBirere
Kijani, chenye samaki.

MamaWaMajengo
Mrefu? Anaongea polepole? Huyo alikuwa akikaanga maandazi njia ya kwetu, nilidhani alibaki Sake. Niandikie pembeni ni ofisi gani, kesho nakwenda naye. Nilikuwa mteja wake, najua nyumba yake ilikuwa wapi.

Mukumu_Asili
Ilikuwa Buhene?