Bunduki ya tajiri ina laisensi, ya mchungaji ni kesi. Hii imekaaje?

mtu_wa_bondeni
Salamu wadau. Mi ni wa Marakwet Mashariki, huku chini bondeni. Tangu ile operesheni ya Maliza Uhalifu, ya kupambana na wezi wa mifugo wenye bunduki, ianze Februari 2023 kila baraza ni chifu kutuambia rudisheni bunduki, mwanzo tulipewa siku 3 za msamaha alafu jeshi likaingia. Mimi sina bunduki na sitetei wezi, lakini kuna kitu hakinikai sawa. 2019 serikali ilikuja ikachukua bunduki za homgadi, hawa rizavu wa polisi waliosajiliwa, namba ya bunduki iko kwa kitabu cha kituo, wakaambiwa wanavetiwa kwanza, yaani kukaguliwa kama wanafaa. Mjomba wangu alipeana G3 yake bila maneno. Wale wenye zao za msituni, zisizo na laisensi, hawakupeana hata ganda la risasi, sasa nani alibaki mikono mitupu? Baadaye wenyewe mliona, shule kufungwa, watu kuacha maembe yakiozea shambani kwa kuogopa kushuka kuvuna.

Sasa nauliza, mfanyabiashara wa Nairobi anaomba bastola anapewa, huyu wa huku mwenye mbuzi na kituo cha polisi kiko mbali ana njia gani ya halali? Ama ni kungoja gari la polisi?

Karani wa Korti
Ndugu, haki ya kumiliki bunduki Kenya hakuna, usidanganywe na video za Wamarekani. Katiba yao inayo, yetu ya 2010 haina. Kifungu cha 29 kinakupa haki ya usalama wako, ya silaha hapana. Kumiliki ni chini ya Sheria ya Bunduki, Cap 114, na lazima anayetoa laisensi aridhike uko na sababu nzuri. Mchungaji anaweza kuomba, hakuna mahali wameandika ni ya watu wa Nairobi pekee. Lakini ukipata utapata bastola ama shotgani, na hao wezi wanakuja na AK. Njia ingine ni kuingia rizavu, ila hapo bunduki si yako, ni ya serikali, na ikitakwa utarudisha kama mjomba.

Na hao matajiri pia wasijipige kifua. Desemba 2018 wote wenye laisensi waliambiwa wavetiwe upya ndani ya siku 90, na kuna wakubwa walipokonywa.

Chepkukwu
Wewe mtu wa bondeni unaongea ni kama bunduki za msituni ni za Pokot peke yetu, hapo ng'ambo yenu hamna? Acha nikwambie kwa nini mzee wa kwetu hawezi pelekea chifu chochote. 1984 jeshi lilikuja West Pokot, operesheni wazee huita Lotiriri, ng'ombe zilikusanywa zikafungiwa zikafa njaa hapo hapo, ya mwizi na ya asiye mwizi. Halafu Uganda ikaja kunyang'anya Karamoja bunduki, waliorudisha wakavamiwa na majirani wenye zao bado, wakiwemo watu wa upande wetu huu, nasema ukweli. Kila mtu alijifunza hapo kwamba anayerudisha kwanza ndiye analiwa kwanza.

Mwalimu_Kapenguria
Nyote mnaongea ni kama bunduki ikirudi kwa homgadi amani inarudi. Suguta, karibu na Baragoi, Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuata ng'ombe, na walikuwa na bunduki!! Na hizi risasi mnafikiri zinatoka Somalia zote? Kiwanda kiko Eldoret, na watafiti walishaandika kitambo vile risasi za huko zilipatikana nyingi mikononi mwa raia Turkana Kaskazini, zikitoka kwa polisi wenyewe. Serikali inauza picha tu, 2016 walichoma bunduki 5,250 pale Ngong, moshi mzuri, kamera zote zikaitwa, bonde likabaki vile lilikuwa.

mtu_wa_bondeni
@Mwalimu hapo sipingi, hata kwetu kuna rizavu walisemwa wanakodisha bunduki usiku. Lakini huyo mmoja mbaya ndio mnanyang'anya kijiji kizima?

Msukuma Halisi
Majirani habari za huko. Sisi Usukuma na Unyamwezi miaka ya 80 mwanzoni, baada ya vita vya Kagera bunduki zilizagaa na ng'ombe wakaibwa balaa, wazee wakaanzisha sungusungu kwa upinde na mishale, serikali ikaja kuwatambua baadaye. Ilisaidia ila nao walikuja kuua watu kwa kushukiwa tu, uchawi na nini, kwahiyo msione ni dawa.

Chepkukwu
Mishale hata sisi tunayo bro, shida ni huyo mwingine ana AK. Wakitaka kuchukua wachukue Pokot, Marakwet, Turkana na Samburu siku moja, na mpaka wa Uganda na Sudan Kusini uwe na watu. Mimi nitabeba ya boma letu mwenyewe mpaka kituoni. Lakini wakianza na upande mmoja wakisema wengine ni wiki ijayo, hapana.

Karani wa Korti
Futa hiyo ya "boma letu" kabla OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hajaisoma 😂