Mtoto wa figo adungwa sindano ya damu isigande, jirani yake hadungwi. Mbona?

MamaSalma_Kisauni: Assalaam aleikum. Binti yangu ana miaka 11, tumelazwa kwa ule ugonjwa wa figo wa kuvuja protini. Asubuhi macho hayafunguki kwa uvimbe. Sasa adungwa enoksaparini tumboni, asubuhi na jioni, ati damu isigande. Kitanda cha pili kuna mvulana kavunjika mkono, yeye hadungwi. Na kila siku namuona nesi akifungua sindano ya miligramu 40, dawa nyingi aimwaga kwenye pamba, bili yaja ya sindano nzima! Tena shemeji yangu asema ni dawa ya nguruwe. Niikatae?

NesiMstaafu_Likoni: Waleikum salaam mamangu. Usikatae kwanza. Mimi nimezeekea wodi ya watoto.

Watoto wengi wanaolazwa hawaihitaji. Damu yao haigandi ovyo kama yetu wazee, na huyo wa mkono hatulii kitandani. Wa figo ni habari nyingine. Katika protini anayoikojoa mna zile za kuzuia damu kuganda, antithrombini hasa. Ini likiona protini zimepungua latengeneza nyingine kwa pupa, za kugandisha zikiwemo. Juu yake apewa dawa ya kukojoza maji, damu yazidi kuwa nzito, naye amelala tu. Kama ana mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo au paja, uliza kila siku kama bado wahitajika. Kwa watoto, damu kuganda hospitalini mara nyingi huanzia hapo.

Kumwaga je? Sindano ile ilipimiwa mtu mzima. Dozi ya kinga kwa mtoto aliyepita miezi miwili kwa kawaida ni nusu miligramu kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Wa kilo 32 ni miligramu 16, yaani mililita 0.16. Tone! Anayemwaga anajua hesabu. Wa kumwogopa ni anayeimaliza. Ila waulize wamehesabu kwa kilo zipi, za uvimbe au za kabla hajavimba.

Usipasugue palipodungwa, patavilia damu. Na ibuprofeni za dukani marufuku, kwa damu na kwa figo pia.

AbuYusra_Kibokoni: Shemeji hakusema uongo, heparini, dawa ambayo enoksaparini hutengenezwa kwayo, asili yake ni utumbo wa nguruwe. Lakini soma Al-Baqara aya ya 173, aliyelazimika hana dhambi. Iko nyingine, fondaparinaksi, ya maabara tupu, haina mnyama ndani. Mwambie daktari wazi, si aibu.

NesiMstaafu_Likoni: Kweli ustadh, ila hiyo hutolewa mwilini na figo, na mtoto akivuja damu haina dawa ya kuizima. Heparini huzimwa na dawa iitwayo protamini, na enoksaparini nayo huizima kwa kiasi. Daktari ndiye aamue, si shemeji.

MamaSalma_Kisauni: Mungu awalipe. Nitauliza za kilo. Swali dogo, tangu jana jioni alalamika kichwa, na alfajiri katapika. Ni dawa?

NesiMstaafu_Likoni: Mama, hilo si dogo. Damu yaweza kuganda kwenye mshipa wa ubongo, au kuvuja kwa sababu ya dawa, na hapa hatuwezi kujua ni lipi. Weka simu, nenda mezani kwa nesi wa zamu umwambie hivyo hivyo, kichwa na kutapika, kabla hajadungwa ya asubuhi. Usingoje raundi.