Kaya zinazosema "hatutumii kitu": ugumu wa fedha kwa familia zenye mgonjwa wa dimensia upimwe vipi?

Mwanafunzi_Moshi:
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninaandaa dodoso la shahada ya uzamili kuhusu hali ya kifedha ya kaya zinazomtunza mzee mwenye dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huo. Nilikusudia kutumia kigezo cha kawaida, yaani kaya imeelemewa iwapo matumizi yake ya afya yanazidi asilimia 10 au 25 ya matumizi yote. Hata hivyo, katika majaribio kaya nyingi zinataja nauli na dawa za presha tu, na kwa kigezo hicho karibu zote zinaonekana ziko salama, ilhali ukikaa nao sebuleni unaona wazi kwamba hali ni ngumu. Je, nibadilishe kigezo au maswali?

Mchumi_Afya:
Ndugu, anza na maswali. Kigezo hicho hupima fedha zilizotoka mfukoni. Kaya ambayo haikwenda hospitali kwa kukosa nauli, au kwa kuamini kwamba kusahau ni uzee tu, itaonekana haina tatizo. Katika dimensia mzigo mkubwa hauko kwenye bili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria gharama za ugonjwa huu duniani kuwa dola trilioni 1.3 mwaka 2019, na takriban nusu yake ni kazi ya ndugu na marafiki wanaotunza bila malipo, kwa wastani wa saa tano kwa siku. Tazama dodoso la RUD, la kupima huduma na muda unaotumika kumtunza mgonjwa wa dimensia, lililotokana na kazi ya Anders Wimo na wenzake nchini Sweden: linatenganisha saa za kumwogesha na kumlisha mgonjwa, saa za kumpikia na kumshughulikia mambo yake, na saa za kumwangalia tu asidhurike. Kundi la tatu ndilo watunzaji husahau kulitaja, maana hawalioni kuwa ni kazi.

Kazi ngumu ni kuzipa saa hizo thamani. Ukitumia ujira wa msichana wa kazi, jumla inakuwa ndogo. Ukitumia kipato alichopoteza mtunzaji, mwanamke asiye na mshahara anahesabiwa sifuri, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma ya kitakwimu. Ripoti saa zenyewe kwanza, kisha thamani kwa njia zote mbili.

Mama_Genge:
Mwanangu, mimi si mtafiti, namtunza mama mkwe. Ukiniuliza ninatumia kiasi gani kwa ajili yake, nitakujibu kuwa situmii kitu. Lakini uliza genge langu linafunguliwa saa ngapi. Zamani nilifika sokoni alfajiri kuchukua nyanya kwa bei ya jumla. Sasa sitoki mpaka mtoto arudi kutoka shule saa tisa, na saa hizo nyanya nzuri zimekwisha, zilizobaki ninazipata kwa wachuuzi kwa bei yao. Kwenye kikoba nimeacha kununua hisa, kwa hiyo hata mkopo siupati. Uliza pia fedha anazopoteza mgonjwa mwenyewe: kabla hatujajua kuwa anaumwa, mama alikuwa akilipa deni lile lile la dukani mara mbili, na namba ya siri ya simu alimtajia yeyote aliyemwuliza.

Mdodosaji:
Hilo la fedha zinazopotea kabla ya ugonjwa kutambuliwa halimo katika madodoso mengi niliyoyashika, na linastahili swali lake. Usitegemee kipimo cha Zarit, yaani dodoso la kupima mzigo anaouhisi mtunzaji, kwa kazi hii. Kati ya maswali yake 22, moja tu linahusu fedha moja kwa moja. Tafuta pia kaya za kulinganisha zenye wazee wasio na dimensia, la sivyo hutatofautisha athari za ugonjwa na umaskini wa kawaida. Na usikusanye takwimu mwezi Desemba, kwa sababu watoto wanaorudi kula Krismasi hupokea zamu na kuacha fedha, kisha Januari mtunzaji anabaki peke yake.

Mwanafunzi_Moshi:
Shukrani, mama, nanyi nyote. Limebaki moja: katika kihamba kimoja (shamba la ukoo lenye makazi ya familia) ndugu wawili wana nyumba na majiko tofauti, lakini wote wanamhudumia mzee. Kaya ni ipi?

Mdodosaji:
Andika kaya anayolala mzee, kisha weka jedwali la pembeni la kila anayechangia fedha au muda, awe kihambani au Dar es Salaam. Mhoji kila mmoja peke yake, maana mbele ya kaka mkubwa hakuna atakayesema kwamba kaka hatumi chochote.